Nilivyouza banjo langu la mgongo wazi

Watu wa Mbeya gitaa wanalijua. Banjo la mgongo wazi, chombo cha nyuzi tano chenye ngozi iliyowambwa kama ngoma, ni habari nyingine. Nilipolipeleka Mwanjelwa, muuza vyombo vya muziki aliligeuza, akaona nyuma kuko tupu. “Kaka, hili limeng'oka kifuniko. Nitakupa bei ya gitaa bovu.” Uzi wa tano nao ulimtia shaka, maana ni mfupi na kigingi chake kimechomekwa ubavuni mwa shingo, karibu na freti ya tano, yaani kijiti cha tano cha chuma kilichokatiza shingo. Nikamweleza kuwa fundi alilichonga hivyo kwa makusudi, mgongo ukiwa wazi sauti inakuwa laini. Hakushawishika.

Nikaamua kutafuta mpigaji badala ya duka. Kwanza nikaliandaa. Ngozi yake ni ya mbuzi, na ngozi hunyonya unyevu: mvua zikianza Novemba inalegea, nyuzi zinashuka na kukwaruza freti, kiangazi inakaza, nyuzi zinainuka. Nilikaza ndoano za pembeni zinazovuta ngozi, kidogo kidogo, moja kisha ya mkabala wake, mpaka ngozi ikalia sawa pande zote. Nikabadili nyuzi na kurudisha daraja, kibao kinachosimama juu ya ngozi na kubeba nyuzi, mahali pake, kwani daraja la banjo halijagundishwa, linashikiliwa na nyuzi tu. Shingo ilikuwa na mkwaruzo. Niliuacha, nikaupiga picha kwa karibu. Mnunuzi akiugundua mwenyewe, hata sehemu zisizo na kasoro atazitilia shaka.

Kisha nikajirekodi kwa simu, kila uzi peke yake, halafu wimbo mzima, nikatuma kwenye magrupu ya wanamuziki. Wa kwanza kupiga simu walikuwa wa Kyela. Ng'ambo ya mpaka, Malawi, bendi za mabanjo ya kujitengenezea ni za siku nyingi, kwa hiyo hawakuhitaji maelezo. Walilipenda sana, ila laki sita niliyotaka ilikuwa nzito kwao.

Aliyelichukua ni mwalimu wa kwaya wa Iringa. “Kamwene, kaka. Huo mkwaruzo umeingia kwenye mbao au umeishia kwenye vanishi?” Swali hilo lilinitosha kumwamini, alikuwa ameangalia picha zote. Tukakutana Makambako, akalipiga kwa muda mrefu bila haraka, akaomba nimpunguzie. Nilimpunguzia elfu hamsini ya nauli, nikamwongezea ufunguo wa kukazia ndoano na kumwonyesha unavyotumika. Nikamsihi asiliache ndani ya gari juani wala karibu na jiko la mkaa. Akanilipa kwa simu palepale stendi.