Elbo (viungo vya kona vya bomba) hazikuwa na hatia: jinsi nilivyokadiria mtiririko wa bomba

Maji yalikuwa mita 2 juu ya mdomo wa bomba. Kwa kanuni ya Torricelli, inayokadiria kasi ya maji yanayotoka kutokana na kimo chake tu, kasi ni mita 6.3 kwa sekunde, yaani lita 184 kwa dakika kwa mdomo wa milimita 25. Ndoo ya lita 20 ikachukua sekunde 20 kujaa. Lita 60 tu kwa dakika!

Nilikuwa nimepuuza msuguano. Bomba lilianza na kipenyo cha milimita 50 kwa mita 6, kisha 25 kwa mita 4 zenye elbo 3. Nikapima kila upotevu wa nishati kama mara ngapi ya nishati ya mwendo ya maji ndani ya bomba jembamba: yanapotoka mdomoni 1, msuguano wa jembamba 4, elbo zote 2.7, bomba linapobana 0.4. Bomba nene? 0.2 tu, kwani humo kasi ni robo. Jumla 8.3. Mara mbili ya 9.81 (mvutano wa dunia) mara mita 2 ni 39.2, gawanya kwa 8.3, tafuta kipeuo cha pili: mita 2.2 kwa sekunde, takriban lita 64 kwa dakika.

Na mimi nilishinda kutwa nikizilaani elbo! Nikaweka bomba la milimita 50 mpaka mwisho, elbo zilezile 3. Ndoo sasa inajaa kwa sekunde 5: kumbe tatizo lilikuwa wembamba wa bomba.