Kati ya "pale pale" na "baadaye"

Mwaka 2012, kwenye kikao cha Mahakama Kuu huko Arua, Uganda, mimi kama wakili nilikabidhiwa jalada la mama mmoja aliyeshtakiwa kumuua mumewe. Ibara ya 28 ya Katiba inampa anayekabiliwa na adhabu ya kifo wakili wa kulipiwa na serikali. Hukumu ya kesi ya Susan Kigula, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo, Januari 2009, ilikuwa imeshaondoa ulazima wa kunyongwa, lakini jaji bado aliweza kuitoa adhabu hiyo.

Jalada lilikuwa jembamba. Fomu 48 ya uchunguzi wa maiti: fuvu limepasuka mahali pawili, kisogoni. Fomu 24 ya daktari aliyempima mama: akili timamu, michubuko mkononi. Kielelezo kimoja, mchi wa kinu. Mwisho, maelezo yake ya polisi, yameandikwa kwa Kiingereza moja kwa moja na dole gumba limepigwa chini. Humo ilisemwa kwamba mume alimpiga teke mtoto wao, na "baadaye" mke akachukua mchi.

Gerezani alinieleza kwa Kiswahili. "Kaka, sikwenda popote. Nilikuwa natwanga karanga. Mchi ulikuwa mkononi. Alipompiga mtoto, nikampiga pale pale."

Neno hilo moja ndilo lililokuwa kesi yote. Kujitetea kungemwachia huru, ila majeraha ya kisogoni yalionyesha kwamba mume alikuwa amempa mgongo. Utetezi wa wendawazimu ulifungwa na Fomu 24. Kipigo cha miaka mingi si utetezi unaojitegemea katika Kanuni ya Adhabu, jambo linaloniuma hadi leo. Kilichobaki ni kuchokozwa, vifungu vya 192 na 193 kwa hesabu ya wakati ule: tendo baya, lililofanywa kwako au mbele yako kwa mtu aliye chini ya uangalizi wako, la kumtoa mtu wa kawaida wa jamii yako katika uwezo wa kujizuia; na pigo liwe limetoka kabla hasira haijapoa. Uchokozi ukikubaliwa, mauaji ya kukusudia yanashuka kuwa kuua bila kukusudia. Ukienda ndani, ukatafuta silaha, ukarudi, umepoteza.

Tulianza na yale maelezo. Polisi hutakiwa kuandika kwa lugha anayoisema mshtakiwa, kisha ndipo watafsiri. Ikafanyika kesi ndogo ndani ya kesi, afisa akakiri kwamba mama hajui Kiingereza, na jaji akayaondoa.

Aliyetusaidia zaidi alikuwa shahidi wa upande wa mashtaka, jirani. Alisema alisikia mtwango, mara ukakatika, mtoto akalia, kisha kishindo. Nilimwuliza muda ulikuwa kiasi gani. Akajibu kwamba alikuwa ndiyo kwanza ameweka maji ya uji motoni, na alipotoka mbio hayakuwa yamepata hata vuguvugu. Saa ya ukutani isingesema vizuri zaidi.

Pigo la pili lilininyima usingizi. Mahakama zetu huipima nia ya kuua kwa silaha, sehemu ya mwili iliyopigwa, namna ya kupiga, na mwenendo wa kabla na baada, na kichwa ni mahali pabaya. Kwa hiyo mama alikula kiapo. Angeweza kunyamaza au kujieleza bila kiapo, lakini maneno yasiyohojiwa huwa mepesi. Mwendesha mashtaka akamwuliza kwa nini alipiga tena. "Sikuhesabu, mzee," akasema. Hakuongeza neno. Niliwakumbusha wazee wa baraza, raia waliokaa na jaji kumshauri, kwamba si kazi ya mama kuthibitisha alichokozwa. Ni kazi ya mashtaka kuonyesha hakuchokozwa.

Wazee wote wawili walishauri kuua bila kukusudia, na jaji akakubaliana nao. Adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha maisha. Alipewa miaka 8. Akishuka kizimbani aliniuliza kama ile miaka 3 ya rumande imehesabiwa. Nikamwambia imehesabiwa.