Wiki yetu ya theluji Geilo na mtoto wa miaka miwili na nusu

Mimi ni mtu wa Tanga, na kabla ya kuhamia Oslo baridi niliyoijua ilikuwa ile ya Lushoto mwezi wa Julai. Kwa hiyo mume wangu aliposema Februari tumpeleke mtoto milimani, nilikataa papo hapo. Huku Norwe shule hufungwa wiki nzima ya majira ya baridi ili watu waende kwenye theluji. Kwa Oslo huwa ni wiki ya 8 ya mwaka. Mama yangu nilipompigia simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, kama lazima mwende, mvike nguo zote alizonazo."

Nikamtii.

Tulipanda treni iendayo Bergen na kushuka Geilo, mji mdogo wa milimani, safari ya kama saa tatu na nusu kutoka Oslo. Treni hiyo ina behewa la familia lenye chumba kidogo cha watoto kuchezea. Kateni nafasi humo mapema, maana wiki hiyo hujaa. Pampasi nilimbadilisha humo humo kama dakika 20 kabla ya kufika. Mtoto akishavaa ovaroli ya theluji, kumvua kituoni upepo ukivuma ni mateso kwake na kwako.

Asubuhi ya kwanza kipimajoto kilionyesha nyuzi 14 chini ya sifuri. Nilimvika fulana ya pamba, sweta mbili, ovaroli, na soksi pea mbili. Nusu saa nzima alikimbia, akaanguka, akainuka, anacheka tu. Tulipomkalisha kwenye sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, ili tumvute kurudi nyumbani, kicheko kikakatika. Midomo ikaanza kutetemeka, akalia kilio cha chini chini ambacho sijawahi kukisikia kwake. Nikamfunika koti langu. Akazidi kulia.

Bibi mmoja wa nyumba ya jirani alikuwa anapita. Akasimama, akavua glavu, akaingiza vidole viwili shingoni mwa mtoto hadi kisogoni, kisha akanionyesha: vimelowa. Akasema maneno mawili ambayo chekechea huniambia kila msimu nami nikiyaitikia bila kuyatia moyoni: ull innerst. Sufu ndani kabisa.

Mwanangu nguo alikuwa nazo za kutosha, ila alikuwa amelowa jasho. Pamba hulinywa jasho na kulishikilia mwilini, na mtoto akishatulia linapoa juu ya ngozi. Sufu hata ikipata unyevu bado inahifadhi joto. Zile soksi pea mbili nazo zilijaza kiatu hadi vidole vikakosa nafasi ya kuchezacheza. Jioni ile nilimvua mbele ya jiko la kuni, nikaona nyuzi za soksi zimejichora kwenye miguu yake midogo. Roho iliniuma sana.

Kesho yake tulinunua seti ya sufu nyembamba, suruali na fulana. Bei yake si ndogo, lakini ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu kwa safari kama hii, nunua hicho. Juu yake sweta moja, kisha ovaroli. Soksi za sufu pea moja. Usoni nilimpaka mafuta ya mgando, yale yale tuliyopakwa sisi utotoni, kwa sababu losheni yenye maji mengi haifai kwenye baridi kali.

Tukabadilisha na zamu ya kuvaa. Wakubwa kwanza, mtoto mwishoni, tukiwa tumeshasimama mlangoni. Awali nilikuwa namvika yeye kwanza, anatota jasho ndani huku mimi natafuta glavu zangu. Kwenye sleji tuliweka ngozi ya kondoo, maana anayevuta anapata joto na anayevutwa anakaa tu. Tukitoka ni dakika 40, halafu ndani kwa uji wa moto kutoka kwenye chupa ya chai. Na kila baada ya muda, kidole kisogoni. Usimpime kwa viganja. Vya mtoto hupoa haraka hata akiwa mzima kabisa.

Siku ya nne nilimpigia mama kwa video tukiwa kilimani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Nikamgeuzia simu. Mtoto alikuwa anapandisha mlima ameshikwa mkono, mashavu yanang'aa mafuta, anapiga kelele, "Tena, baba! Tena!"

"Mbona umemvika nguo chache hivyo?" mama akauliza.

Nikavua glavu, nikamsogelea mwanangu, nikapitisha kidole kisogoni. Pakavu, pana joto kama kitumbua kilichoepuliwa sasa hivi.