Siku moja ya bwana misitu kandokando ya Ziwa Victoria: kuufupisha ukingo

Saa 12:00 asubuhi. Pikipiki inatoka Mwanza mjini na kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kuelekea Sengerema. Kwenye begi kuna futi ya mita 50, simu yenye ramani, vitambaa vyekundu, glavu nene, barakoa na klorini ya unga. Klorini huchanganywa upya kila asubuhi, maana ya jana imeshapungua nguvu. Vijiko vikubwa 10 vya unga wa asilimia 70 kwa lita 20 za maji ni vya kusafishia buti na mapanga. Ya mikono ni kijiko 1 tu kwa lita hizohizo. Wengi hunawa kwa ile kali, ngozi ikachubuka, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa virusi.

Saa 2:00 asubuhi. Tunatembea ukingo wa msitu wa kijiji. Msitu ukiwa mzima, popo, tumbili na panya wa porini hupata riziki yao humo ndani. Magonjwa ya wanyama huvuka kwenda kwa watu pale msitu unapopakana na shamba. Chukua msitu wa hekta 100, mraba wa kilomita 1 kila upande: ukingo wake ni kilomita 4. Upasue kwa njia na vishamba uwe vipande 4 vilivyo sawa, ukingo unafika karibu kilomita 8. Vipande 16, karibu kilomita 16. Huenda miti iliyoanguka ni michache, lakini mahali mtu, mbuzi na mnyama wa porini wanapokutana pameongezeka mara nne. Kwa hiyo sihesabu visiki peke yake, napima ukingo.

Njia mpya, tanuri la mkaa, mtego wa waya, mzoga: vyote vinaingia kwenye ramani. Mzoga haushikwi wala haupasuliwi. Kama ni kimeta, ukiupasua vimelea hukutana na hewa, vikajigeuza kuwa mbegu ngumu zinazokaa ardhini miaka mingi. Anaitwa afisa mifugo wa kata.

Saa 4:00 asubuhi. Mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, na hapa ndipo msitu unapoishia kuwa kuni. Dagaa wanaoanikwa juani juu ya vichanja hawana ugomvi na msitu. Sangara wa kukausha kwa moshi ndiye mlaji wa kuni. Jiko la zamani ni pipa au shimo lenye wavu juu, na joto linatoka pande zote. Tunahimiza tanuri la Chorkor, lililoanzia Ghana: kuta za udongo au tofali, midomo ya kuwekea kuni mbele, na trei za mbao zenye wavu zinazopangwa moja juu ya nyingine hadi zenyewe zikawa bomba la moshi.

Linaharibika kwa mambo madogo. Fremu ya trei ikae katikati ya unene wa ukuta. Ikiingia ndani inaungua. Trei zisipolingana, moshi unatoroka kwenye pengo na mama anaongeza kuni. Trei ya chini isipobadilishana na ya juu, samaki wa chini wanaungua, wa juu wanabaki wabichi.

"Bwana misitu, kuni mbichi ndizo zenye moshi," akina mama huniambia. Moshi upo kweli, mama, ila samaki anakaushwa na joto, na joto la kuni mbichi linaishia kuchemsha maji yaliyomo ndani ya ukuni. Kuni zipasuliwe, zianikwe kwanza.

Mkaa ni mbaya zaidi: tanuri la kawaida la udongo hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1.

Saa 7:00 mchana. Tunaziba mapengo kati ya vipande vya msitu. Wasukuma wana ngitili tangu zamani, eneo linalofungwa ili lipumue, na kisiki hai, yaani kukuza upya miti kutoka kwenye visiki vinavyochipua, kinaingia humo vizuri. Chagua machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka, kata mengine, pogoa matawi ya chini hadi nusu ya shina, funga kitambaa chekundu ili mchungaji aone. Panga liwe kali. Butu huchana gome, na uozo huanzia hapo. Karibu na nyumba tunapanda mjohoro wa kuni, mita 2 kwa 2, miche 2,500 kwa hekta. Mingi hufa kwa kupandwa na kiriba chake, ule mfuko wa plastiki wa mche.

Saa 9:00 alasiri. Pangoni, nje tu. Mkoa jirani wa Kagera umepata Marburg, homa kali ya virusi inayoua, mara mbili, 2023 Bukoba na 2025 Biharamulo, na popo wa matunda wa mapangoni ndio wanaobeba virusi hivyo. Kila kijiji kina mtu anayetaka pango lichomwe. Uganda walijaribu kuwaangamiza popo wa mgodi wa Kitaka baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007. Popo walirudi, na walipopimwa 2012 wenye virusi walikuwa takribani asilimia 13, kutoka 5. Pango liachwe, watoto wasiingie.

Saa 11:00 jioni. Mkutano wa kijiji. Banda la mbuzi au nguruwe lisikae chini ya mwembe. Malaysia, 1998, virusi vya Nipah vilipita hivyo: popo walikula matunda juu ya mabanda, nguruwe wakaugua, kisha wafugaji. Embe lenye alama za meno ya popo halioshwi, linafukiwa. Homa kali ya ghafla baada ya kushika mzoga au kuingia pangoni isisubiri dawa za dukani: piga 199, ni bure, useme na ulikopita.