Pete ya mchunga kondoo, na Shangazi Somoe

Jamani tangu Jumapili kichwa changu hakijatulia na anayesababisha ni Shangazi Somoe. Tena hatujagombana, wala hajaniomba hela ya kikoba. Kaniuliza maswali yake huku anageuza vibua kwenye karai, akamaliza, akaendelea na mambo yake, mimi ndo nimebaki nayo kama mwiba wa changu kooni.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, mnada umefanyika na kelele za bei mmezisikia, Zuhura kaposwa rasmi na mahari imetajwa (msiniulize ngapi), mzee wa nyumba ya kona tumemzika Jumatano, Mungu amrehemu, yote hayo nitaandika siku nyingine nikipata nafasi.

Sasa sikilizeni. Si mnajua Jumapili huwa tunaishia Mikindani kwa Shangazi. Mjomba Hamisi alikuwepo, na yule Mwalimu jirani na kahawa yake chungu, tunamenya ming'oko, stori za hapa na pale. Na mimi na hili somo langu la falsafa nililowasimulia nikaona leo ndo leo, niwatege wazee. Nikawapa hadithi ya pete.

Hadithi imo kwenye kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anaisimulia kaka yake Plato, Glaucon, akibishana na Socrates, yule mwanafalsafa waliyemnywesha sumu Athens mwaka 399 kabla ya Kristo. Palikuwa na mchunga kondoo wa mfalme wa Lydia, nchi ambayo siku hizi iko Uturuki. Ikapiga mvua kubwa na tetemeko, ardhi ikapasuka, jamaa akashuka kwenye lile shimo, akakuta farasi wa shaba ana uwazi ndani na vijimlango, akachungulia, mna maiti ya mtu mkubwa kupita kawaida, haina kitu mwilini ila pete ya dhahabu kidoleni. Akaivua akapanda nayo. Baadaye wachungaji wamekaa kikao chao cha kila mwezi cha kumpelekea mfalme taarifa ya mifugo, yeye anachezea pete, kito kikageukia kiganjani, ghafla wenzie wanamsema kana kwamba kaondoka. Kumbe haonekani! Akigeuza tena, huyo hapo. Alichofanya, kahakikisha anakuwa mmoja wa wajumbe wa kwenda kwa mfalme. Kufika kule kamchukua mke wa mfalme, wakamuua mfalme, nchi ikawa yake. Na pointi ya Glaucon ni kwamba yeyote yule, hata mwema wetu, ukimpa hiyo pete atafanya hivohivo, watu tunatenda haki kwa kuogopa kuonekana tu.

Mjomba akasema Mwenyezi Mungu anaona, pete haina kazi, akarudi kwenye kahawa. Kwake mjadala umeisha. Mwalimu akasema yeye angeivaa siku moja tu, aingie benki, kisha atubu. Tukacheka. Ndo Shangazi akaongea bila hata kutuangalia:

"Huyo mchunga kondoo, kabla ya pete nani alikuwa anamuona?"

"Alikuwa anaonekana Shangazi, si mtu tu kama sisi."

"Mfalme alikuwa anamjua jina?"

"Mh, sidhani."

"Na kile kikao cha kila mwezi, walikuwa wanapeleka habari za nani?"

"Za kondoo."

"Haya. Basi pete alikuwa nayo zamani. Hiyo ya dhahabu imemfungulia mlango tu. Nipe hiyo chumvi mwanangu."

Nikampa chumvi. Yaani mtu na somo lake nimempa chumvi nikakaa kimya, Mwalimu ananicheka waziwazi.

Nimeshamjibu Shangazi usiku kucha kitandani, majibu mazuri kweli, hayupo wa kuyasikia. Nikamwambia, mfalme hakumuona sawa, lakini wachungaji wenzie walimuona, na kuonwa na wenzio nako ni kuonwa. Halafu nikakumbuka usiku wa porini. Yule bwana peke yake na kondoo wa mfalme, giza, angechinja mmoja akasema kaliwa na chui nani angebisha? Na hadithi haisemi popote kwamba alikuwa mwizi kabla ya pete. Sasa kama miaka yote haonekani na haibi, Glaucon kajifunga goli mwenyewe! Kilichombadilisha hakiwezi kuwa kutoonekana, maana huko alishazoea. Ni kuingia ikulu.

Afu nikajigeukia. Mbona kazini, ghalani kwetu tunakopokea korosho, wapo wanaochanganya mawe kwenye gunia la korosho, na hao nao nani anawajua majina, sisi tunaandika kilo na daraja. Ila ukimtazama mwenye mawe wakati tunachoma gunia kuchota sampuli, macho yake hayatoki mkononi kwako, jasho linamtoka, anajua vizuri sana kwamba anaonekana. Yule wa gunia safi yuko chini ya mwembe anatafuna bibo, hana habari. Sijui hii inamsaidia Shangazi au inamsaidia Glaucon, nimeigeuza hadi mume wangu kaniambia zima taa.

Socrates mwenyewe alijibu, kachukua karibu kitabu kizima, kwa kifupi anasema anayeitumia pete kudhulumu anageuka mtumwa wa tamaa zake, na anayetenda haki ndo mwenye heri, awe na pete asiwe nayo. Jibu zuri, limekaa vizuri, ila linamjibu Glaucon. La Shangazi hajaulizwa.

Basi Alhamisi nikavunga nampigia simu kusalimia, nimejipanga na hoja zangu zote.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Na mahari mmekubaliana?"

Nikajibu ya mahari, nikajibu ya sare, ya ukumbi, nikamsikiliza na goti lake, ndo nikachomekea, Shangazi lile swali lako la mchunga kondoo.

"Mchunga kondoo gani?"

Nilitaka kulia. Usingizi wangu wote ule! Nikamkumbusha, wa pete, wa mfalme.

"Aaah, huyo. Sasa alivyokuwa mfalme, wale kondoo walibaki na nani?"

Na salio lake likaisha hapohapo, la kwangu maana mimi ndo nimepiga, nikabaki barabarani nacheka peke yangu, bodaboda wananiangalia. Sijui walibaki na nani. Kitabuni hakuna. Watu wameisoma hii hadithi zaidi ya miaka elfu mbili wanamhangaikia mwenye pete, na Shangazi anaulizia kondoo. Sijafurahi hivi muda mrefu, najisikia hata kumpelekea kanga.

Jumapili nitampelekea hadithi nyingine, nina moja ya mtu anayeulizwa na muuaji mlangoni rafiki yako yuko wapi, mwanafalsafa Kant anasema usidanganye hata hapo. Sijui kama nitatoka salama.

Haya, kingine, mwanangu Rehema wakati anapiga mswaki leo nimeona jino limeota nyuma ya lile la utotoni, na la utotoni halijalegea hata kidogo, nimelitikisa limekaa kama nguzo. Wenye watoto wa umri huo, linaachwa lenyewe au nimpeleke hospitali ya Ligula wiki hii likang'olewe? Maana nikimtajia tu neno daktari anajificha uvunguni.