Maneno yaliyonikwama kooni mlimani

Wiki iliyopita nilipanda na wageni kwa njia ya Machame. Tulipofika kambi ya Barafu, mama mmoja akaniuliza kwa nini barafu ya Kilimanjaro inapungua. Jibu nilikuwa nalo, ila kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nilibaki na "ice" tu, neno lilelile la barafu ya kwenye soda. Iliniuma sana, maana mlima huu ni wa kwetu.

Niliporudi Moshi nikaketi na kaka yangu anayefundisha Kiingereza. Kumbe "glacier" ni ile barafu nene iliyojikusanya miaka na miaka, na "snow" ni theluji inayodondoka leo. "Weather" ni hali ya hewa ya asubuhi hii. "Climate" ni tabianchi, hupimwa kwa miaka 30 hivi. "Deforestation" niliishika upesi, ukataji miti tumeuona kwa macho.

Sasa naweza kueleza kwamba tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imetoweka. Ila mfongo, ule mfereji wetu wa jadi unaopeleka maji kihambani, shamba la nyumbani kwa bibi, bado sijaupatia neno. Kaka anasema "furrow", mimi naliona dogo mno. Kesho napanda tena.