Siku niliyoshika brashi shambani Salobreña

Salobreña, mji wa pwani ya kusini mwa Hispania, haifikiwi kwa treni. Nilipanda basi Granada, likashuka kusini tukaiacha nyuma milima ya Sierra Nevada, mara bahari ikatokea na mji mweupe umekaa juu ya jabali, ngome kileleni, mashamba miguuni.

Safari ya kwanza nilikosea saa. Nilifika saa tisa mchana, mwezi wa Juni, milango yote imefungwa. Pale maduka hufungwa kama saa nane hadi saa kumi na moja, jua likiwa kali. Wiki ya pili nikapanda basi la asubuhi mapema, nikaenda moja kwa moja mashambani.

Bonde lile lilikuwa la miwa, iliyoletwa na Waarabu karne nyingi nyuma. Kiwanda cha sukari cha pale, cha mwisho cha miwa katika bara la Ulaya, kilifungwa 2006. Sasa ni maparachichi, maembe na chirimoya. Hiyo chirimoya ndiyo iliyonisimamisha: ua lake nene la petali tatu nalijua tangu utotoni Pemba. Ni ndugu wa topetope!

Mzee mmoja alikuwa akipita mti kwa mti na brashi ndogo, anagusa maua. Kihispania changu kilikuwa bado kichanga, lakini aliposema *azúcar* nilisikia sukari, *aceituna* nikasikia zaituni. Hata *hasta* yao ni hii hii hata yetu. Sote tumechota kwa Waarabu. Nikapata ujasiri wa kumuuliza.

Alinieleza taratibu, mikono ikisaidia maneno. Mti huu kwao ni bara la Amerika, na wadudu wa Hispania hawatoshi kuuchavusha. Ua hufunguka likiwa jike, kisha hugeuka dume, kwa hiyo chavua haina budi ipelekwe na mtu, ua baada ya ua. Nikaokota kijiti nikamwonyesha tunavyoichavusha vanila Zanzibar. Uso wake ukang'aa, akanikabidhi brashi. Nilifanya kazi naye mpaka jua likatufukuza, akafunga uzi kwenye tawi langu.

Novemba nilirudi. Uzi ulikuwepo, umepauka, na tawi limeinama. Akanichumia mbili, bado ngumu. Nilizifunga kwenye kanga nikazipakata hadi Granada, na siku ya tatu zikalainika.